Piano au kinanda? Mzee anayeanza ahesabu muda kabla ya bei

Wiki hii ukurasa huu unaziacha kando bei za tumbaku, mpunga na asali, na kuitazama bidhaa isiyoonekana katika taarifa za soko la Tabora ingawa wanunuzi wake wapo: ala ya muziki ya mtu mzima anayeanza kujifunza. Mnunuzi huyo ni mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, au mfanyabiashara aliyekwisha kuwaachia watoto duka, au mama aliyeimba kwaya miaka 30 na sasa anataka kujua vidole vya mpiga kinanda vinafanya kazi gani. Swali lake ni moja: anunue piano, au kinanda cha umeme?

Ni swali la muziki, lakini pia ni swali la mtaji. Fedha inayotoka ni ya mara moja, wala hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi wa kuifidia. Akikosea kununua, chombo hugeuka meza ya kuwekea maua sebuleni. Kwa hiyo tutakipima kama mashine nyingine yoyote: bei ya kununua, gharama ya kusafirisha, gharama ya kutunza, uwezekano wa kukiuza tena, na muda kitakaokaa bila kufanya kazi. Jambo hili la mwisho ndilo wanunuzi wengi hulisahau, na kwa mtu aliyeanza akiwa na umri mkubwa ndilo linaloamua.

MJI ULIOPELEKA PEMBE

Piano ina uhusiano wa zamani na Tabora kuliko wengi wanavyodhani. Katika karne ya 19 mji huu, ambao wasafiri waliuandika kwa jina la Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu tayari wana nyumba na maghala. Mali kubwa iliyopita hapa ilikuwa pembe za ndovu, na pamoja nayo watu waliofanywa watumwa.

Pembe zilishuka pwani, zikavuka hadi Unguja, na nyingi zikanunuliwa na Wamarekani. Katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, viwanda vya Pratt, Read na vya Comstock, Cheney vilizipasua kuwa vipande vyembamba vya kubandika juu ya vibao vya piano, vile vyeupe vinavyobonyezwa na vidole. Mwaka 1909 peke yake Marekani ilitengeneza piano zaidi ya 300,000.

Kwa lugha ya biashara, nchi hii iliuza malighafi na haikuiona bidhaa. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba pembe begani kwa miezi, akarudi kwao na kitambaa, ushanga au waya, bila kusikia hata siku moja sauti ya chombo alichokifanyia kazi.

UZITO KWA FRASILA

Misafara ile ilituachia kipimo kizuri cha kulinganisha piano na kinanda. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila 2, yaani kama kilo 32. Piano ya kusimama, ile inayoegemezwa ukutani, huwa na uzito wa kilo 200 hadi 250 na wakati mwingine zaidi. Hiyo ni frasila 12 hadi 15, au mizigo ya wapagazi 6 hadi 8, nayo haigawanyiki. Ndani yake kuna fremu ya chuma cha kusubu, nayo imefungwa nyuzi zipatazo 220 ambazo mvuto wake kwa jumla unazidi tani 15.

Kwa upande wa pili, kinanda cha Yamaha PSR-E373 chenye vibao 61 kina kilo 4.6, yaani chini ya theluthi ya frasila. Piano ya umeme ya Yamaha P-45, yenye vibao 88 vilivyotiwa uzito kama vya piano, ina kilo 11.5. Hata hiyo haifikii frasila moja. Mtu mmoja huipakia kwenye basi na kushuka nayo.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ile ya Mwanza ikakamilika mwaka 1928. Tangu hapo mzigo mzito si jambo lisilowezekana. Lakini kuwezekana si sawa na kuwa nafuu. Anayepewa piano ya bure Dar es Salaam afanye hesabu ya watu wa kuiteremsha ngazi, gari la kuipeleka kituoni, ulinzi wa njiani, watu wa kuiingiza ndani, na mlango ambao pengine itabidi uvunjwe. Halafu aongeze gharama ya fundi, maana piano iliyosafiri hupoteza tuni. Piano ya bure inaweza kumgharimu mwenyewe kuliko kinanda kipya.

KIANGAZI NA MASIKA

Tuseme piano imefika salama. Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kisha huja kiangazi kirefu cha jua na upepo mkavu mpaka Oktoba. Mbao za piano hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Watengenezaji hupendekeza piano ikae mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60 mwaka mzima, bila mabadiliko makubwa. Mkoa wenye misimu miwili inayopingana namna hii hautoi hali hiyo bila kusaidiwa.

Hapo ndipo nyuzi hulegea au kukaza, sauti zikapishana, na ubao mwembamba wa nyuma unaokuza sauti ukaweza kupasuka. Nyundo za ndani zimevikwa sufi, nayo ni chakula cha nondo. Mbao zenyewe zina mchwa. Panya naye akipata nafasi hujenga humo. Wazungu wa enzi ya ukoloni waliyajua hayo, ndiyo maana baadhi ya viwanda vya Ulaya vilitengeneza piano maalum za nchi za joto, zenye skrubu za shaba mahali ambapo kwa kawaida palitosha gundi.

Dawa ipo, nayo ni fundi. Piano hutakiwa kutuniwa angalau mara 2 kwa mwaka, na zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya kuhamishwa. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya piano, uliza mambo matatu: fundi ni nani, anakaa wapi, na nani atamlipia nauli na malazi. Kama jibu ni kwamba atatafutwa baadaye, biashara hiyo isimamishwe hapo hapo. Ununuzi wa mashine isiyo na fundi wala vipuri wafanyabiashara wa mikoa ya magharibi wanaujua vizuri.

VINANDA HAVILINGANI

Msomaji asielewe kwamba tunampigia debe kila kinanda kinachouzwa. Upande huu nao una mitego, na mkubwa ni huu: vinanda viwili vinavyofanana kwa sura vinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa kikazi.

Katika piano ukibonyeza polepole sauti hutoka ndogo, ukibonyeza kwa nguvu hutoka kubwa. Huo ndio moyo wa chombo, na ndio uliokipa jina tangu Bartolomeo Cristofori alipokibuni kule Florence, Italia, karibu mwaka 1700. Kinanda cha umeme huwa na uwezo huo pale tu ambapo vibao vyake vinaitika nguvu ya mkono. Yamaha PSR-E373 na Casio CT-S300 vinaitika. Yamaha PSR-E273 na PSR-F52 haviitiki: piga kwa upole au kwa hasira, sauti ni ile ile. Vyote vinne vina vibao 61. Mnunuzi asiyejua hulipa, hufurahia midundo ya ndani, na baada ya mwaka hugundua kwamba mkono wake haukujifunza lolote kuhusu nguvu na upole.

Kipimo cha dukani ni rahisi. Chagua sauti ya piano, zima midundo, bonyeza kibao kimoja kwa upole kisha kwa nguvu. Kama tofauti haipo, rudisha mezani. Pili, tazama upana wa vibao. Vinanda vyenye vibao vidogo vilitengenezwa kwa watoto na wasafiri, na kidole cha mtu mzima hukanyaga viwili kwa pamoja. Tatu, hakikisha kuna tundu la pedali na la hedifoni. Hedifoni ni za lazima kwa mzee anayeona haya kusikiwa na wajukuu akirudia mstari mmoja mara 40.

Mtego mwingine ni vile vitufe vya midundo na kile cha kubadili sauti ya msingi. Vinafaa sana kanisani, pale mwimbishaji anapoanzisha wimbo juu mno. Lakini anayejifunza akivizoea atabaki mbonyezaji wa vitufe. Kwa miezi 6 ya mwanzo avisahau.

UMEME NA ADAPTA

Piano haihitaji umeme, na hiyo ni sifa yake ya kweli. Umeme ukikatika jioni, mwenye piano huwasha taa ya chemli na kuendelea. Mwenye kinanda je? PSR-E373 na CT-S300 hutumia pia betri ndogo 6 za AA, kwa hiyo navyo haviogopi giza. P-45 haina nafasi ya betri. Mwenye nayo atafute inveta au akubali kupumzika.

Wenye umeme wa jua wasiunganishe kinanda moja kwa moja na betri ya gari kwa kuona adapta imeandikwa volti 12. Betri inapochajiwa volti zake hupanda na kupita 14, na nyaya zikigeuzwa kinanda huungua. Njia salama ni inveta na adapta yake halali.

Kwa wafanyabiashara wa mitumba tahadhari ni kubwa zaidi. Umeme wetu ni volti 230. Wa Japani ni volti 100 na wa Marekani ni volti 120. Kinanda kilichotoka huko na adapta yake ya zamani huweza kuungua siku ya kwanza kinapochomekwa ukutani. Muuzaji mwangalifu huweka adapta sahihi, huiingiza katika bei, na humwonyesha mnunuzi kinanda kikilia. Asiyefanya hivyo anauza kesi.

PIANO KUUKUU NA SHERIA YA PEMBE

Wapo wanaofikiria kuleta piano kuukuu kutoka Ulaya kwa kontena, kwa kuwa huko zinatolewa karibu bure. Wajue jambo moja. Piano nyingi za zamani zina vibao vya pembe halisi, na pengine baadhi ya pembe hizo zilipita Tabora zenyewe. Ndovu wa Afrika aliwekwa katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES kwa uamuzi wa mwaka 1989, ulioanza kutumika Januari 1990. Tangu hapo kuvusha pembe mpakani kibiashara, hata iliyobandikwa kwenye piano, ni suala la vibali. Uingereza ilitunga sheria yake ya pembe mwaka 2018 na kuanza kuitekeleza Juni 2022: ala ya muziki iliyotengenezwa kabla ya 1975 na yenye pembe chini ya asilimia 20 inaweza kuuzwa huko, lakini baada ya kusajiliwa. Hapa nyumbani Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haichezi na mtu anayekutwa na nyara za serikali bila karatasi.

Namna ya kutambua: kibao cheupe cha pembe mara nyingi kimeungwa kwa vipande viwili, na mstari mwembamba wa kiungo huonekana pale kibao kinapoanza kuwa chembamba. Pembe ina michirizi kama ya mti na hugeuka manjano. Plastiki huwa kipande kimoja, sawasawa. Mwenye shaka asipakie kontena kabla ya kuuliza mamlaka husika. Ni kinyume cha historia yetu, lakini ndivyo ilivyo: kilichotoka kwa misafara hakirudi kirahisi kwa meli.

MUDA NDIO MTAJI

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Mtu wa miaka 60 anayejifunza nusu saa kwa siku, siku 6 kwa wiki, anapata saa 3 kwa wiki. Kwa wiki 50 za mwaka anapata saa 150. Huo ndio mtaji wake halisi. Kijana wa miaka 12 akipoteza mwaka ana mingine mingi ya kufidia. Mzee hana akiba hiyo.

Piano ikipoteza tuni mwanzo wa kiangazi na kumsubiri fundi wiki 12, saa 36 zimepotea, karibu robo ya mwaka. Si hilo tu. Sikio linalojifunza juu ya sauti zilizopishana hujifunza makosa. Kinanda chenye vibao visivyoitika mkono nacho hupoteza saa, tena kwa siri, maana mwenyewe anadhani anaendelea. Kwa hiyo chombo cha bei ndogo kinaweza kuwa cha hasara, na cha heshima kubwa sebuleni kikawa cha hasara zaidi. Mzee anayeanza anunue chombo kitakachokuwa tayari kila siku na kitakachomfunza mkono ukweli. Majina ya piano au kinanda yaje baadaye.

Na asiogope umri. Mwaka 2007 mtafiti Jennifer Bugos na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya watu wa miaka 60 hadi 85 ambao hawakuwa wanamuziki. Waliofundishwa piano kwa miezi 6 walifanya vizuri zaidi katika baadhi ya majaribio ya akili kuliko wenzao wasiofundishwa. Hatusemi piano ni dawa. Tunasema mlango haujafungwa.

Mwalimu naye ahesabiwe. Mara nyingi atakuwa kijana mpiga kinanda wa kwaya, mwenye umri wa mtoto wa mwanafunzi wake. Atamwamkia shikamoo, na mzee atamwita mwalimu, kila mtu akabaki na heshima yake. Wapatane malipo kwa kila somo, wala wasiachie mambo kwenye undugu wa kanisa, kwani somo la bure huahirishwa kila kunapotokea msiba au harusi. Kijana huyo kwa kawaida anajua kinanda kuliko piano, na pengine hufundisha kwa do, re, mi badala ya nota za mistari mitano. Hilo nalo ni hoja ya soko: nunua chombo ambacho mwalimu aliye karibu anakijua. Anayetaka kusoma zaidi, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ipo kule kule misafara ilipoishia.

NANI ANUNUE NINI

Kwa kufupisha, ukurasa huu unapendekeza hivi:

Anayetaka kupiga nyimbo za kanisa, kusindikiza kwaya au kujiburudisha jioni, anunue kinanda cha vibao 61 vya upana wa kawaida vinavyoitika mkono, kinachokubali betri. Akichoka au akipanda daraja, makanisa, shule na vikundi vya muziki ndio soko lake la kukiuza tena.

Anayetaka muziki wa piano wenyewe, wa vitabu vya nota, aongeze fedha anunue piano ya umeme yenye vibao 88 vizito na pedali. Haitaki tuni, kiangazi hakiigusi, na mkono uliojifunza juu yake hautashangaa siku ukikutana na piano ya kweli. Kabla ya kulipa ajipime vidole. Mwenye baridi yabisi huenda akaona vibao vyepesi vinamfaa zaidi, na hakuna aibu katika hilo.

Piano ya nyuzi imfae yule mwenye mambo matatu kwa pamoja: fundi anayejulikana, chumba kisichopigwa jua wala upepo mkavu, na fedha ya matunzo ya kila mwaka iliyotengwa mbali na fedha ya kununulia. Mwenye mawili kati ya hayo asubiri. Na kama iko piano ya taasisi jirani inayopigika, aombe ruhusa ya saa moja kwa wiki. Hapo atapata faida ya piano bila kubeba hasara yake.

Bado mnunuzi atasita? Atafute kinanda cha kukodi au kuazima kwa miezi 3 na aandike kila siku aliyokaa mbele yake. Daftari likionyesha siku zaidi ya 60, anunue bila wasiwasi. Likionyesha siku 10, fedha ibaki benki. Wapagazi walipima mzigo kabla ya kuubeba, kwani njia ilikuwa ndefu na hapakuwa na pa kuuweka. Mzee anayeanza muziki naye achague mzigo ambao atafika nao.